Alikuwa akisubiri abiria: kisa cha San Francisco na bima ya dereva wa Uber

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2013, mama mmoja alikuwa akivuka mtaa wa Polk, San Francisco, pamoja na watoto wake wawili. Walikuwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Gari lililokuwa likikata kona likawagonga wote watatu. Binti wa miaka 6 akafariki. Mama na mdogo wake wa kiume wakajeruhiwa. Dereva alisimama, akabaki pale pale, akatoa maelezo kwa polisi.

Dereva huyo alikuwa akitumia gari lake mwenyewe kubebea abiria wa Uber. Wakati wa ajali hakuwa na abiria ndani, wala hakuwa akienda kumchukua mtu. Kwa mujibu wa madai ambayo familia iliyafikisha mahakamani mwezi uliofuata, programu ya Uber ilikuwa imewashwa kwenye simu yake na alikuwa akizunguka mjini akisubiri ombi la safari, kama wafanyavyo madereva wote usiku wa mkesha wa mwaka mpya, usiku ambao nauli hupanda.

Uber walitoa tamko mapema. Walithibitisha kuwa mtu huyo ni mmoja wa madereva wao, wakasema akaunti yake imefungwa, kisha wakaongeza kwamba wakati wa ajali hakuwa akitoa huduma kupitia mfumo wao. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyobeba kesi nzima. Kama hakuwa akitoa huduma, bima ya kampuni haikumhusu. Na kama alikuwa kazini, bima yake binafsi ilikuwa na kila sababu ya kumkataa.

Nimekichagua kisa hiki, ingawa kina zaidi ya miaka kumi, kwa sababu karibu kila kanuni inayomgusa leo dereva wa Uber au Lyft nchini Marekani imepitia kwenye kivuko kile. Waswahili wengi wanaishi kwa kazi hii huko: Wakenya wa Texas na Minnesota, Watanzania, Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi na kuanza maisha upya Kentucky au Ohio. Kazi ya kusafirisha abiria au chakula haihitaji mtu aliyekujua zamani akudhamini, na inaingiza pesa wiki ile ile. Majina ya familia na ya dereva nayaacha. Wameumia vya kutosha.

Bima mbili, na katikati hakuna mtu

Miezi mitatu tu kabla ya ajali, mwezi Septemba 2013, Tume ya Huduma za Umma ya California ilikuwa imeweka kanuni za kwanza nchini Marekani za kampuni za aina ya Uber na Lyft. Kanuni hizo zilizitaka kampuni ziwe na bima ya dola milioni 1 kwa kila tukio wakati dereva anatoa huduma. Lini hasa huduma inaanza, kanuni hazikuweka wazi. Je, ni pale dereva anapowasha programu? Anapokubali ombi? Au abiria anapofunga mlango na kukaa?

Uber walisoma kanuni kwa namna iliyowagharimu kidogo. Bima yao ya dola milioni 1 ilianza dereva anapokubali ombi na ikakoma abiria anaposhuka. Muda wa kabla ya hapo, programu ikiwa imewashwa na dereva akisubiri, waliuhesabu kuwa ni muda wa dereva mwenyewe.

Tugeukie upande wa pili. Bima binafsi ya gari nchini Marekani huwa na kipengele kinachosema kwamba kampuni haitalipa gari likitumika kusafirisha watu au mizigo kwa malipo. Kipengele hicho ni cha zamani sana kuliko simu za kisasa. Kililenga teksi na magari ya kukodi. Watu wanaochangia mafuta kwenda kazini pamoja kwa kawaida hawaguswi nacho. Ila dereva anayelipwa nauli anaguswa, na dereva anayepeleka pizza mara nyingi anaguswa vilevile.

Lazima niwatendee haki watu wa bima hapa, kwa sababu madereva wengi huwaona kama wezi. Ada ya bima binafsi hukokotolewa kwa mtu anayekwenda kazini, sokoni, kanisani au msikitini, kisha analiegesha gari. Dereva anayezunguka mjini saa nyingi kwa siku, usiku, kwenye mitaa asiyoijua, jicho moja likiwa kwenye simu, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata ajali. Akilipa ada ya mtu wa kwanza huku akiishi maisha ya mtu wa pili, wanaojaza pengo ni wateja wengine. Kipengele kile kina mantiki. Lawama yangu kwao ni nyingine: kilikaa kwenye kurasa za ndani za mkataba, na hakuna aliyemweleza dereva siku anayopakua programu kwamba kuanzia leo bima yako imebadilika.

Kwa hiyo dereva wa mtaa wa Polk, kama wenzake wote wakati huo, alikuwa kati ya kampuni mbili ambazo kila moja ilikuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba jukumu ni la mwenzake. Hata kama bima binafsi ingeamua kulipa bila ubishi, kiwango cha chini cha kisheria California wakati huo kilikuwa dola 15,000 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, dola 30,000 kwa ajali nzima na dola 5,000 kwa mali iliyoharibika. Viwango hivyo vilikuwa vimekaa bila kuguswa tangu miaka ya 1960, na havikupandishwa mpaka Januari 2025, vilipokuwa 30,000, 60,000 na 15,000. Kwa gharama za hospitali za Marekani, dola 15,000 zinaweza kuisha kabla majeruhi hajatoka wodini.

Kesi ambayo haikuamuliwa

Familia ilifungua kesi Januari 2014. Hoja zao zilikuwa mbili, na zote mbili nadhani zilikuwa nzito.

Ya kwanza ilihusu simu yenyewe. California ilikuwa tayari na sheria ya kumzuia dereva kushika simu akiendesha. Familia ikadai kwamba programu ya Uber imetengenezwa ili dereva aiangalie: ramani iko pale, ombi likija linalia na kuwaka, na lazima aliguse haraka, la sivyo linakwenda kwa mwingine. Mtu anayesubiri ombi anatazama simu zaidi kuliko yule ambaye tayari ana abiria na anajua anakoelekea. Ukiifuata hoja hii mpaka mwisho, muda wa kusubiri ndio wenye hatari zaidi, na ndio ambao kampuni iliuacha bila bima.

Ya pili ilihusu faida. Mteja akifungua programu akaona vigari vitano vimemzunguka kwenye ramani, anachokiona ni madereva wasio na abiria. Wao ndio wanaofanya huduma ionekane ya haraka. Bila watu wanaozunguka bure, Uber haiwezi kumwahidi mteja kwamba gari litafika baada ya dakika tatu. Kusubiri ni sehemu ya bidhaa inayouzwa. Kampuni inafaidika na dereva aliye barabarani kabla hata hajapata senti moja.

Uber walijibu kwamba dereva ni mkandarasi huru, hakuwa na abiria, hakuwa akimfuata abiria, kwa hiyo hawawajibiki. Mabishano yakaendelea kwa mwaka na nusu. Julai 2015 pande mbili zikapatana nje ya mahakama, kiasi cha fidia kikabaki siri.

Siilaumu familia kwa kupatana. Mzazi aliyempoteza mtoto hana wajibu wa kukaa kizimbani miaka mitano ili sisi tupate hukumu ya kunukuu. Lakini tujue kilichopotea: hakuna jaji aliyesema, katika kesi hii, kama dereva anayesubiri ombi yuko kazini kwa kampuni au la. Swali lile lilihama mahakamani likaenda bungeni, na bungeni majibu hupatikana kwa kuvutana bei.

Namna pengo lilivyozibwa, na kwa bei gani

Machi 2014 mambo yalikwenda kasi. Kamishna wa Bima wa California, Dave Jones, aliitisha kikao cha kuchunguza suala hili. Mwezi huo huo Uber na Lyft wakatangaza bima ya muda wa kusubiri. Upande wa Uber ilikuwa hadi dola 50,000 kwa majeruhi mmoja, dola 100,000 kwa ajali na dola 25,000 kwa mali, lakini kwa sharti: ingelipa pale tu bima binafsi ya dereva inapokataa. Kumbuka tarehe. Ajali ilitokea Desemba, bima hii ikapatikana Machi. Kwa hiyo haikuwa kitu kisichowezekana kupangwa kabla.

Katika bunge la California, mjumbe Susan Bonilla alipeleka muswada uliojulikana kama AB 2293. Kampuni za programu ziliupinga vikali, na Uber wakawahamasisha hata wateja wao wampigie mbunge simu. Kampuni za bima na chama cha madereva wa teksi walikuwa upande wa pili, kila mmoja kwa sababu zake. Baada ya mvutano wa miezi kadhaa kiasi cha bima kilishushwa, upinzani ukalegea, na Gavana Jerry Brown akausaini Septemba 2014. Sheria ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2015.

Sheria hiyo iliigawa siku ya dereva katika vipindi, na mgawanyo huo ndio unaotumika mpaka leo karibu kila jimbo. Programu ikiwa imezimwa, wewe ni mtu binafsi na bima yako binafsi inafanya kazi kama kawaida. Kipindi cha kwanza kinaanza ukiwasha programu na kuanza kusubiri. Cha pili kinaanza ukikubali ombi. Cha tatu ni abiria akiwa ndani ya gari. Kwa kipindi cha pili na cha tatu California ilitaka dola milioni 1. Kwa kipindi cha kwanza ilitaka 50,000 kwa mtu, 100,000 kwa ajali, 30,000 kwa mali, na juu yake nyongeza ya dola 200,000. Bima hiyo ya kusubiri ikawa ndiyo inayotangulia kulipa, na haimlazimishi dereva kukataliwa kwanza na kampuni yake binafsi. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Sheria pia ilizilazimu kampuni kumweleza dereva kwa maandishi kwamba bima yake binafsi huenda isimlipe.

Sasa turudishe sheria hiyo nyuma, tuiweke pale mtaa wa Polk. Mtoto mmoja amefariki, watu wawili wameumia. Dereva anasubiri. Chini ya AB 2293, familia ingekuwa na dola 100,000 za ajali na nyongeza ya hadi dola 200,000, yaani 300,000 kwa ukomo. Kama dereva huyo huyo, kwenye kona hiyo hiyo, angekuwa amekubali ombi sekunde kumi kabla, ukomo ungekuwa dola milioni 1. Aliyegongwa ni yule yule, na uzito wa gari haujabadilika. Tofauti ya dola 700,000 inatokana na kidole kugusa kioo cha simu.

Mtu anaweza kujibu kwamba bima lazima iwe na mpaka mahali fulani. Nakubali. Lakini mpaka huu uliwekwa mahali ambapo unamfaa anayelipa ada, na anayevuka barabara hana namna ya kujua amegongwa na dereva wa kipindi kipi. Hoja ya kuvitenganisha vipindi ingekuwa na nguvu kama kusubiri kungekuwa na hatari ndogo. Kesi yenyewe ilianza kwa sababu mtu aliyekuwa akisubiri aliua.

Machi 2015, kampuni kubwa za bima pamoja na Uber na Lyft walikubaliana kielelezo cha sheria cha kupelekwa kwenye majimbo mengine. Kilikuwa na vipindi vile vile: 50,000, 100,000 na 25,000 wakati wa kusubiri, kisha milioni 1 baada ya kukubali ombi. Ile nyongeza ya 200,000 ya California haikuingia. Majimbo mengi yakakipitisha kwa mabadiliko madogo. Hivyo dereva aliyeko Columbus au Louisville leo anatembea na namba zilizozaliwa na mvutano wa San Francisco.

Aliyesahaulika ni dereva

Soma tena viwango vyote vilivyotajwa hapo juu. Vyote ni vya mtu wa tatu: aliyegongwa, gari lililogongwa, ukuta uliobomolewa. Gari la dereva mwenyewe limo wapi?

Kwenye kipindi cha kwanza halimo. Ukigonga nguzo ukisubiri ombi, Uber haikutengenezei gari. Kwenye kipindi cha pili na cha tatu ipo bima ya gari lako, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, uwe tayari unalipia bima ya aina hiyo kwenye mkataba wako binafsi, ile inayolipa gari lako hata kama kosa ni lako. Mwenye bima ndogo tu hapati kitu. La pili, dola 2,500 za mwanzo unalipa wewe mwenyewe. Magari mengi ya kazi hii yana umri, na matengenezo yake mara nyingi hayapiti sana hizo 2,500. Kwa madereva hao bima hiyo ipo kwenye karatasi tu.

Tuseme kuna dereva wa Ohio mwenye gari la dola 12,000 alilokopeshwa na benki, na bado anadaiwa 10,000. Ili kupata mkopo alilazimishwa kukata bima kubwa, na anailipia kila mwezi bila kukosa. Saa kumi na moja alfajiri amewasha programu, anasubiri nje ya uwanja wa ndege, anateleza kwenye barafu, gari linakufa. Bima ya Uber ya kusubiri inalipa gari alilogonga. Bima yake binafsi inamuuliza swali moja: programu ilikuwa imewashwa? Akisema ndiyo, wanamwandikia barua ya kukataa. Benki haiulizi swali lolote, inataka marejesho yake ya mwezi. Amebaki na deni la 10,000, hana gari, na hana kazi kwa sababu gari ndilo lilikuwa kazi.

Hapo ndipo penye kishawishi cha kusema uongo, na nasikia ushauri huo ukizungushwa kwenye makundi ya WhatsApp: sema ulikuwa unakwenda kwa shangazi. Usifanye. Kampuni ya programu ina kumbukumbu ya kila sekunde uliyokuwa hewani, na kampuni ya bima inaruhusiwa kuiomba. Sheria za majimbo mengi zinazilazimu pande hizo kubadilishana taarifa za muda baada ya ajali. Uongo kwenye madai ya bima ni jinai, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko njiani, jinai ya udanganyifu inaweza kumgharimu zaidi ya gari.

Kinachoziba shimo hili ni kiambatisho cha bima ambacho kampuni nyingi kubwa, State Farm na Allstate zikiwemo, zilianza kukiuza baada ya sheria hizi kupita. Unaongeza ada kidogo kwenye bima yako binafsi, na bima ya gari lako inaendelea kufanya kazi unaposubiri ombi. Baadhi hufidia pia sehemu ya zile dola 2,500. Hakipatikani kila jimbo, na kampuni moja inaweza kukiuza jimbo hili ikakinyima lile. Muhimu zaidi, ukishakata kiambatisho hicho, kampuni yako ya bima inajua kazi yako. Dereva asiyesema anaweza kufutiwa bima nzima siku wakigundua, hata kwa ajali iliyotokea siku ya mapumziko. Ukiomba, omba kwa maandishi, barua pepe inatosha, na mweleze wakala kwa jina programu unazotumia. Neno la mdomo la wakala halisaidii wakati wa madai.

Chakula ni biashara tofauti

Watu wengi hudhani anayebeba chakula ana bima sawa na anayebeba abiria. Hapana. Sheria zile za 2014 na 2015 ziliandikwa kwa ajili ya abiria. Mfuko wa wali na kuku haukuwa na mbunge.

California ilifika huko kwa njia ya kura ya wananchi ya Novemba 2020, ile ya Prop 22, ambayo kampuni zilitumia zaidi ya dola milioni 200 kuipigania ili madereva wasihesabiwe kuwa waajiriwa. Ndani yake waliweka bima ya dola milioni 1 kwa mtu wa tatu anayeumizwa na mbeba chakula, pale ambapo hakuna bima nyingine inayolipa. Waliweka pia bima ya ajali kazini ya angalau dola milioni 1 kwa matibabu ya dereva mwenyewe. Haya ya matibabu ni mazuri, na dereva wa California asiyejua anayo anapoteza haki yake. Lakini bima ya gari imefungwa kwenye muda wa shughuli, yaani tangu unapokubali oda mpaka unapoikabidhi. Dakika arobaini unazokaa kwenye maegesho ya mgahawa ukisubiri simu ilie hazimo.

DoorDash, kampuni ya programu ya kupeleka chakula, nao wanafuata mtindo huo karibu kote Marekani: hadi dola milioni 1 kwa mtu wa tatu wakati oda iko mkononi, na baada ya bima yako binafsi kutangulia. Unatakiwa uende kwanza kwa kampuni yako, ukataliwe, ndipo wao waingie. Fikiria maana yake. Ili upate msaada wa DoorDash lazima uijulishe kampuni yako binafsi kwamba ulikuwa unabeba chakula kwa malipo, taarifa ambayo inaweza kukufutia bima. Na gari lako mwenyewe hawalilipi, iwe oda iko mkononi au la.

Hivyo kwa wabeba chakula wengi kipindi cha kusubiri kiko pale pale kilipokuwa kwa dereva wa abiria usiku ule wa 2013. Hata viambatisho nilivyovitaja, vingine vimeandikwa kwa abiria tu na vinatenga mizigo na chakula. Anayefanya zote mbili, abiria asubuhi na chakula jioni, aulize kuhusu zote mbili na apate majibu mawili.

Kwetu Afrika Mashariki swali linakaa tofauti kidogo. Uber waliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam 2016, na hapo kinachoamua ni matumizi yaliyoandikwa kwenye cheti cha bima: binafsi au biashara ya abiria. Dereva wa Bolt anayetembea na bima ndogo ya gari binafsi yuko nje ya mkataba wake kila anapokuwa kwenye kazi hiyo. Kenya, sheria ya bima ya mtu wa tatu inaweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa kila madai, na kampuni inayotaka kukwepa hukumu ya majeruhi kwa sababu ya kasoro za mkataba inapaswa kwenda mahakamani kuomba tamko hilo. Angalau aliyegongwa hapewi barua ya kukataa tu na kuachwa.

Narudi California, kwa sababu kuna jambo jipya na madereva wengi hawajalisikia. Tangu sheria ya AB 2293, bima ya dola milioni 1 ilihusu pia ajali ambayo dereva na abiria wake wanagongwa na mtu asiye na bima, au mwenye bima isiyotosha. Ulikuwa ulinzi mkubwa kwa dereva, kwa sababu huko Marekani kugongwa na asiye na bima ni jambo la kawaida. Oktoba 2025 gavana alisaini sheria ya SB 371, ambayo imeshusha kiwango hicho kuanzia tarehe 1 Januari 2026 hadi dola 60,000 kwa mtu mmoja na 300,000 kwa tukio. Kampuni zilisema ada za bima zilikuwa zimepandisha nauli kupita kiasi, na inawezekana ni kweli. Katika mapatano hayo madereva walipata njia ya kuunda vyama vya kuwatetea, jambo ambalo wengi walilipigania kwa miaka.

Ila dereva aliyepata bima yake kwa kuamini kwamba ile milioni iko nyuma yake aangalie upya mkataba wake wiki hii. Kwenye ukurasa wa mwanzo wenye viwango kuna mstari wa fidia ya kugongwa na mtu asiye na bima. Aulize kiwango chake ni kipi, na kama kinafanya kazi programu ikiwa imewashwa na hakuna abiria ndani.